Mto Unaopita Kwetu

Mwezi uliopita nilipanda bodaboda pale Kayanga, na dereva, kijana mwenye adabu zake, akanipa kofia ngumu nivae. Huku kwetu abiria kupewa kofia ngumu bado ni bahati. Nilipoitia kichwani tu, harufu yake ikanikaba: jasho la watu wengi lililokaukia kwenye sponji, mafuta ya nywele, na petroli kwa mbali. Nikasimama pale kando ya barabara, sipandi wala siivui.

"Dada, imekubana?" kijana akauliza.

"Hapana. Twende."

Lakini haikuwa Kayanga tena. Nilikuwa na miaka kumi, nimekaa nyuma ya pikipiki Kigali, kofia inanicheza kichwani kama sufuria, na nimeyakodoa macho nisipitwe na kona hata moja. Maana nilikuwa nimeapa moyoni kwamba nitaikariri njia, na kwamba siku moja nitairudia peke yangu mpaka nyumbani.

Wenzangu wa rika langu mtanielewa. Sisi hatukuwa tukielezwa mambo. Wakubwa walizungumza juu ya vichwa vyetu, nasi tukaokota vipande na kuviunga wenyewe. Mimi kuna kipande nilikiunga vibaya, na nusura kinipoteze.

Nilizaliwa Songambele, katika kibanja cha migomba na kahawa. Baba alifariki kabla sijaanza shule, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili, Mama na mimi. Majirani zetu wa bondeni walikuwa kina Uwase. Wazazi wake walikuwa na asili ya Rwanda, wakifanya vibarua na kuchuma kahawa za watu, zetu zikiwemo. Mama na Mama Uwase walikuwa marafiki wa kuazimana chumvi na kuazimana watoto. Wiki nzima naweza kulala kwao, wiki nyingine Uwase akalala kwetu, na hakuna aliyeona ajabu. Nilipokuwa darasa la tatu, Baba Uwase akapata kazi ya kutandaza mawe barabarani Kigali, nao wakahama. Siku ile nilikimbia nyuma ya gari lao mpaka nikaishiwa pumzi, na jioni Mama akala peke yake, akitazama njia ya bondeni.

Mama alikuwa na rovu. Nililiona tangu nilipopata akili, uvimbe mdogo shingoni, na kwangu lilikuwa sehemu ya Mama kama yalivyokuwa macho yake. Mwaka ule likakua. Akaanza kujifunga kitambaa shingoni hata jua likiwaka, nami nikadhani amependa urembo. Akaacha kulala chali. Alilala amekaa, mito miwili mgongoni, akivuta pumzi kwa mluzi mwembamba, nami nikadhani anatulinda na wezi. Kisha akaacha kuimba. Alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa letu la Kilutheri, na Jumapili moja akakaa tu kwenye benchi la nyuma kama mgeni. Hapo sikudhani. Hapo nilijua kabisa sababu: ni mimi.

Wiki chache nyuma nilikuwa nimefunga mbuzi vibaya. Nilikuwa nacheza, nikaizungusha kamba mara moja tu kwenye mti, na mbuzi akaingia kwenye kitalu akala miche yote ya kahawa ambayo Mama aliimwagilia msimu mzima kwa maji ya kubeba kichwani. Mama hakunipiga. Alisimama pale, akashika shingo yake, akarudi ndani. Afadhali angenichapa. Kimya kile nilikibeba kama kosa ambalo halijatajwa adhabu yake.

Adhabu niliisikia jikoni. Nilikuwa nje, nimechuchumaa chini ya dirisha nikiosha vyombo. Mama alikuwa anamenya ndizi na mama mdogo, aliyekuja kututembelea.

"Huyu nitamwacha kwa Mama Uwase," Mama akasema. "Tumeshakubaliana. Kule kuna shule."

"Na yeye umemwambia?"

"Nitamwambia nini, mtoto wa miaka kumi? Ataona ametembea tu."

Sufuria ilinitoka mkononi. Wakanyamaza. Nikaiokota, nikaendelea kuisugua kwa majivu mpaka vidole vikaniuma, na kufikia mwisho wa sufuria ile nilikuwa nimeamua mambo mawili. La kwanza, sitalia wala kuomba. La pili, popote watakaponipeleka, nitarudi.

Jioni yake Mama akaniambia, na sauti yake ilikwaruza, "Koku, likizo hii tunakwenda kuwatembelea kina Uwase. Utaona mji."

"Sawa, Mama," nikasema.

Akanitazama kidogo, kama aliyetarajia ningeruka kwa furaha.

Tuliondoka alfajiri. Omurushaka tukabadilisha gari, nami nikaanza kazi yangu. Kituo cha mafuta mkono wa kulia. Nyaishozi, maduka pande zote mbili na mama anayeuza maharage chini ya mwavuli mwekundu. Kisha pori refu, vumbi, nyani wamekaa barabarani kama wanaosubiri kikao. Kisha njia panda ya Benaco, malori yamejipanga. Kila kitu nilikisema kwa midomo bila sauti, mara tatu tatu, kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha. Mama akaniuliza, "Unasali?" Nikaitikia kwa kichwa.

Rusumo, mpakani, askari wa upande wa pili alifungua mizigo yetu. Akashika mfuko wa plastiki, rambo, ambamo Mama alikuwa amefungia akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna ambayo huwezi kwenda kwa rafiki bila kuibeba.

"Mama, huku rambo haipiti," akasema kwa Kiswahili kizuri tu. "Kahawa pita nayo, mfuko uache."

Mama akatandika khanga chini, akaimimina, akaifunga fundo. Yule askari akauliza, "Mnakwenda kufanya nini?"

"Kutembelea marafiki."

Alipolisema, mkono wake ulionishika ukanibana. Nami nikaubana wangu, kwa hasira. Nilijua anaidanganya serikali mchana kweupe.

Chini ya daraja tulilovuka maji yalikuwa yananguruma, mekundu kama uji wa ulezi, yakijirusha kwenye mawe. Tukapanda gari la upande ule, nalo likaondoka likashika mkono wa kulia wa barabara. Nikapiga kelele nikidhani dereva amepotea na tutagongwa. Abiria wakacheka. Mama akanieleza kwamba huku ndivyo wanavyoendesha. Mimi sikucheka. Kulia na kushoto vikanichanganya, na vilima vyenyewe vilikuwa vingi, vyote vya kijani, vyote vina migomba, hakuna kilichojitambulisha. Kufika Kayonza kichwa changu kilikuwa kimejaa na kumwagika. Nikaanza kuogopa kwamba barabara itanishinda.

Kina Uwase walikuwa wanakaa Nyamirambo, ambako watu wengi wanaongea Kiswahili. Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili mwishoni mwa ngazi za mawe ambazo Baba Uwase mwenyewe alizitandaza. Mama Uwase alitoka mbio, mikono ina povu la sabuni, akamkumbatia Mama kwa muda mrefu. Kisha akamwinua kidevu, akakisogeza kitambaa cha shingoni kwa kidole, akatazama. Akakirudisha taratibu.

"Shikamoo, Mama Uwase," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Akaniita mwanangu, kama alivyoniita tangu zamani. Lakini safari hii neno hilo lilinichoma.

Uwase alikuwa amerefuka kunipita. Alinishika mkono kana kwamba tuliachana jana, na asubuhi iliyofuata akaanza kunionyesha mji. Sikutaka kuupenda. Niliutazama kama mfungwa anavyotazama ukuta, nikitafuta ufa. Lakini jamani, mji ule! Taa za kuvukia barabara zilikuwa zinahesabu namba kurudi nyuma, na watu wazima wenye suti wakasimama wakaisubiri namba iishe, wakati barabara haina gari. Kulikuwa na maduka ambayo hayauzi kitu ila maziwa. Unaingia, unakaa, unaletewa maziwa ya mgando kwenye kikombe kikubwa, wanaume wazima wamepaka sharubu nyeupe. Nilitupa ganda la ndizi chini, Uwase akaliokota upesi akaliweka mfukoni mwa gauni lake.

"Huku hawatupi," akanong'ona.

"Kwani ni la nani, si la kwangu?"

"Hata la kwako."

Alinipandisha na kunishusha vilima. Tukaenda sokoni na mama yake kwa pikipiki mbili, na hapo ndipo nilipovaa ile kofia yenye harufu. Na Baba Uwase alipokuja jioni ya kwanza akaniambia, "Koku, rudisha saa yako nyuma. Sisi hapa tuko nyuma yenu saa moja." Nilikaa nikiifikiria saa hiyo. Yaani kule Songambele wameshawasha moto, wameshakula, wanaendelea bila mimi, nami niko nyuma, na sitawafikia.

Mama hakutembea nasi hata siku moja. Kila asubuhi aliondoka na Mama Uwase, ambaye alikuwa anafanya usafi katika hospitali moja mjini. Nilipouliza, nikaambiwa anamsindikiza rafiki yake kazini. Alirudi mchana amechoka, akakaa. Nikasema moyoni: anazunguka kunitafutia shule. Ushahidi haukukawia. Siku ya tatu Mama Uwase alinipima mabega na kiuno kwa kamba. "Tukushonee gauni," akasema, lakini nilikuwa nimeona sare ya Uwase imetundikwa ukutani na sikuwa mjinga. Siku ya nne nilifungua begi la Mama nikitafuta kitana. Chini kabisa, ndani ya khanga, kulikuwa na cheti changu cha kuzaliwa, kadi yangu ya kliniki, na ripoti zangu zote za shule tangu darasa la kwanza, zimepangwa kwa mwaka. Nguo zangu zote zilikuwemo pia, hata sweta ambalo lilikuwa la msimu wa baridi. Za Mama zilikuwa mbili tu.

Nikazirudisha kama zilivyokuwa. Nikamwambia Uwase nimekosa kitana.

Jumapili, baada ya kanisa, Baba Uwase alitupeleka Mlima Kigali. Unaanza mwishoni mwa mtaa, nyumba zinapungua, kisha unaingia msitu wa misonobari na mikaratusi, chini sindano za misonobari zimelala laini kama mkeka mpya. Baada ya kelele za mji masikio yaliniziba kwa kimya. Uwase alikimbia mbele akiokota mbegu za misonobari. Tulipotokea upande wa pili, mlima ukaachia, na chini kabisa nikaona mto. Mwekundu, mnene, unajikunja katikati ya mashamba ya kijani kama mtu asiye na haraka.

Niliijua ile rangi. Kule kwetu tuliwahi kushuka na mama mdogo mpaka kwenye mto wa mpakani kukata mafunjo ya mikeka, na maji yake yalikuwa hivyo hivyo.

"Baba Uwase, ule ni mto gani?"

"Nyabarongo."

"Unakwenda wapi?"

Alikuwa mtu wa kujibu swali la mtoto kama la mtu mzima. Akakaa kwenye jiwe, akachora ardhini kwa kijiti. "Unazunguka hivi, unakwenda kusini. Unakutana na mwenzake. Halafu wanaitwa Akagera. Unapita pale Rusumo mlipovuka. Halafu unapanda, unapanda kaskazini, unawagusa nyie kule Kyerwa, ndipo unakwenda kumwagika ziwani."

"Ni maji haya haya?"

"Haya haya. Maji unayoyaona hapa, baada ya siku kadhaa yatakuwa kwenu."

Nilikitazama kile kichoro mpaka alipokifuta kwa kiatu. Barabara ilinishinda kwa sababu ina njia panda. Mto hauna njia panda. Mto hauwezi kukosea.

Jumatatu nzima nilijiandaa. Nilificha viazi vitano vya kuchemsha na chupa ya maji chini ya ngazi. Jumanne asubuhi Mama aliniamsha kabla ya muda wake. Akaniketisha kati ya magoti yake, akanisuka nywele, nywele ambazo alikuwa amenisuka wiki iliyopita tu. Akazifumua akazisuka upya, polepole, na pumzi yake ya mluzi ikipita juu ya kichwa changu. Alipomaliza akanigeuza.

"Ukae vizuri na watu wa hapa," akasema. "Umsikilize Mama Uwase."

"Sawa, Mama."

Alitaka kusema kingine. Akashika shingo. Kisha akaondoka na rafiki yake, wakishuka ngazi wameshikana mikono. Sikumwita. Ulikuwa ukaidi, na mpaka leo najilaumu. Nilihesabu mpaka mia mbili, nikachukua viazi vyangu, nikapanda mlima.

Nilikuwa nimeshaumaliza msitu niliposikia nyayo. Uwase, anahema, ndala mkononi.

"Unakwenda wapi?"

"Rudi nyumbani, Uwase."

"Unakwenda wapi, Koku?"

"Songambele."

Akacheka. Alipoona sicheki, akaacha. Nikaanza kuteremka, naye nyuma yangu, akibembeleza, akitisha, akinishika gauni, nikiutoa mkono wake. Njia ilikuwa ya mbuzi, mteremko mkali, na mara mbili niliteleza kwa makalio. Tulipita mashamba ya maharage, tukapita nyumba ambazo mbwa walitukaripia, tukafika bondeni kwenye miwa mirefu kuliko sisi. Ardhi ikaanza kuwa laini, ikanyonya miguu. Kisha mafunjo, kisha maji yenyewe. Kwa karibu yalikuwa mapana kuliko nilivyodhani na yalikuwa yanakwenda kasi, yamebeba majani na matawi. Nikalitazama tawi moja linavyoelekea, nikageuka kulifuata kando ya ukingo. Matope yalinifika magotini. Nikaendelea. Nikaingia mpaka mapajani. Nikashika mafunjo nikajivuta, nikaendelea.

"Koku, utazama!" Uwase alikuwa analia sasa, amesimama pakavu. "Koku, rudi! Mama yako..."

"Mama yangu ananiacha! Najua! Nimeona makaratasi yote! Kwa sababu ya miche!"

"Miche gani?"

"Mbuzi alikula miche ya kahawa. Tangu siku ile haimbi wala hasemi nami."

Uwase alikaa chini kwenye nyasi. "Nimeapa kwa Mama nisikwambie," akasema.

"Usiniambie nini?"

"Haimbi kwa sababu hawezi. Lile rovu linamkaba kwa ndani. Leo wanampasua. Sasa hivi, Koku. Asubuhi hii. Daktari amesema kukosa pumzi kungekuja kumuua, na kumpasua nako kunaweza..." Hakumalizia.

Maji yaliendelea kupita. Lile tawi langu lilikuwa limeshafika mbali, limekata kona.

Sikumbuki nilivyotoka kwenye matope. Nakumbuka nimeshika mkono wa Uwase na kumuuliza, "Unaijua hospitali?"

"Naijua. Huwa nampelekea Mama chakula."

"Twende."

Tuliupanda mlima ule. Nilikuwa nimeteremka kwa hasira, na hasira ni nyepesi. Kupanda kulikuwa kitu kingine. Kiatu kimoja kilibaki mtoni. Kila nilipotaka kukaa nilisema moyoni, hatua kumi tu, kisha kumi nyingine. Mbavu zilinichoma. Uwase akikata tamaa mimi namvuta, mimi nikilegea yeye ananisukuma. Mjini hakuna dereva wa pikipiki aliyetaka kutupakia, watoto wawili wa matope, kwa hiyo tukatembea mji mzima, tukisimama kwenye zile taa za namba. Uwase alikataa kuvuka kabla namba haijaisha. Sijawahi kuichukia taa namna ile.

Mlinzi wa lango la hospitali alitutazama miguu kwanza. Akasema neno, Uwase akanitafsiria: watoto hawaingii.

"Mwambie mama yangu yuko ndani."

Akamwambia. Jibu likawa lile lile.

Nikakaa chini, pale pale kwenye lango, katikati ya njia ya magari. "Mwambie nitakaa hapa mpaka atoke," nikasema. "Mwambie hata kesho."

Sijui Uwase alimtafsiria vipi. Yule mlinzi alivua kofia yake, akajikuna, akamwita mtu kwa simu. Baada ya muda akatoka Mama Uwase, amevaa vazi lake la kazi la kijani, ameshika ufagio wa maji. Alitutazama, mmoja hadi mwingine, yale matope yaliyokauka mpaka kiunoni. Nilisubiri kofi. Akamwangalia binti yake.

"Umemwambia."

"Alikuwa anaingia mtoni, Mama."

Mama Uwase akaweka ufagio chini. Akatuchukua mpaka kwenye bomba la nyuma, akapiga magoti, akaniosha miguu yeye mwenyewe, kidole kwa kidole, na huku akiosha akaniambia yote bila kunificha. Kwamba huko nyumbani wangempeleka Mwanza, ambako Mama hakuwa na mtu hata mmoja wa kumshika mkono, na ndiyo maana yeye Mama Uwase alimwambia aje hapa. Kwamba ndugu za baba yangu walikuwa wameshaanza kukigawa kibanja kwa maneno, na mmoja alishasema mimi nitafaa kumlelea watoto wake. "Mama yako akasema, kama sitaamka, Koku asirudi kule kuwa mtumishi. Asome. Akanipa wewe. Hakukutupa. Alitafuta mahali pa kukuweka."

"Ameamka?"

"Bado yuko ndani."

Tulikaa kwenye benchi la mbao mpaka kivuli cha jengo kikavuka uwanja wote. Sikula, sikuomba maji. Nilikuwa nautazama mlango ule kama nilivyolitazama lile tawi. Ulipofunguka, alitoka daktari mwanamke, mwembamba, akamwambia Mama Uwase maneno mengi kwa Kinyarwanda. Niliangalia mabega ya Mama Uwase. Yalishuka, na nikajua kabla hajageuka.

"Ameamka," akasema. "Sauti hawajui. Asiseme chochote kwanza. Lakini ameamka."

Siku ya pili wakaniruhusu kumwona. Alikuwa amefungwa bandeji nyeupe shingoni na amelala chali. Chali kabisa, bila mto. Sikuwa nimemwona hivyo tangu zamani. Nilisimama kando ya kitanda na yale yote niliyotaka kusema yakawa swali moja.

"Mama, ulitaka kuniacha?"

Ningeelewa kama angekataa. Mtu yeyote angekataa, kwa kumhurumia mtoto. Mama alinitazama sana, kisha akaitikia kwa kichwa. Ndiyo. Halafu akaonyesha kalamu ya muuguzi, akapewa, na nyuma ya karatasi ya dawa akaandika kwa herufi zake kubwa za kupinda: KAMA NINGEKUFA.

"Basi usife," nikasema, kwa sauti ya amri ambayo sikuwahi kuitumia kwake.

Mabega yake yalitikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, bila sauti, ameshika bandeji ili isimuume.

Tulikaa Kigali wiki kadhaa zaidi, na ndipo nilipoupenda mji ule. Mama akapona kwa kutembea. Nilimpitisha kila nilikopitishwa na Uwase: maduka ya maziwa, ngazi, taa zinazohesabu. Aliitikia kwa kichwa, akaonyesha kwa kidole, akanifinya bega, na mimi nikaongea kwa niaba yetu wote wawili. Nilimwambia pia habari ya miche. Akasimama katikati ya njia, akafumba macho, akatikisa kichwa polepole, hapana, hapana, kisha akanikumbatia mbele za watu. Hakuwa ameikumbuka tena.

Jumapili ya mwisho alitaka kupanda Mlima Kigali. Baba Uwase akasema ni mapema. Mama akavaa viatu. Tulipanda taratibu, tukipumzika kila baada ya miti michache, Uwase na baba yake mbele, sisi nyuma. Nilikuwa nasikiliza pumzi zake, na hazikuwa na mluzi. Tulipotokea upande wa pili nikamwonyesha mto, nikamweleza yote, kichoro cha Baba Uwase, viazi vitano, miwa, matope, nilivyokusudia kuyafuata maji yalikokwenda.

Akautazama. Kisha akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kusukwa nywele nikasikia kitu kutoka kwake. Haikuwa sauti ya kwaya, na haikuja kuwa hiyo tena. Ilikuwa ya kukwaruza, ndogo, kama mtu anayefungua mlango uliokaa sana bila kufunguliwa.

"Ulikuwa unakwenda kwa nani?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwa nani, Koku? Mimi si nilikuwa huku?"

Siku zote zile nilikuwa nimepanga kila kitu, maji, chakula, kona za mto, mafunjo, kilima cha mwisho, njia ya kupanda mpaka kibanjani. Na kila nilipofika mlangoni, katika mpango wangu, aliyenifungulia alikuwa yeye.

"Kwako," nikasema.